Kassanda 2022: kwa nini maiti wa Ebola alifukuliwa, na mazishi ni ya nani, serikali au jamaa?

#1 Mnubi_Bombo
Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Kila Ebola ikitajwa hapa Uganda, mtu anarusha lile neno: "Waislamu wa Kassanda walifukua maiti kwa ujinga." Nataka tulijadili hili peke yake.

Habari yenyewe inajulikana. Mwaka 2022 wizara ya afya ilieleza kwamba maiti aliyekwisha kuzikwa na timu ya mazishi salama alifukuliwa ili afanyiwe ibada za dini, na walioshiriki wakaambukizwa. Sitetei kufukua. Ninachosema ni kwamba ujinga hauelezi kitu. Watu huvumilia kunyang'anywa jambo moja wakielezwa sababu. Kuosha maiti kunaambukiza, tumekubali. Je, kumwelekeza kibla kunaambukiza nini? Swala ya jeneza iliyosaliwa hatua ishirini kutoka kaburini? Sanda iliyofungwa juu ya mfuko? Imamu kutaja jina la marehemu? Ukizuia vyote kwa amri moja, mwenye maiti haoni tena tofauti kati ya tiba na dharau. Atarudi usiku kutafuta vyote.

Mnaonaje?

#2 Kijana_Busia
Mkuu umeanza na moto. Ila Ebola ile ilianzia Kassanda kwenyewe, kwa hiyo watu hawakuwa wamezoea. Ingekuwa wilaya nyingine wangejua.

#3 Sista_Kasese
Kijana, haikuanzia Kassanda. Ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, Kassanda ikafuata kwa kuwa ni jirani. Rais akafunga wilaya zote mbili tarehe 15 Oktoba. Hadi ilipotangazwa kwisha, 11 Januari 2023, waliothibitishwa kuugua walikuwa 142 na 55 kati yao walikufa.

Mimi ni muuguzi, niseme ya hospitali. Mgonjwa wa Ebola anapokufa ndipo virusi vimejaa mwilini kuliko wakati wowote. Jasho, matapishi, damu, hata ngozi. Ukimwosha kwa maji unayasambaza mikononi, miguuni, kwenye nguo za waoshaji wote. Na ile ya 2022 ilikuwa aina ya Sudan. Chanjo iliyoidhinishwa, Ervebo, ni ya aina ya Zaire, haikuwafaa. Kwa hiyo hatukuwa na ngao yoyote ila kutogusa. Mnubi, nakubaliana nawe kuhusu kibla na swala. Kuhusu maji usinisogeze hata hatua.

#4 Mnubi_Bombo
Sista, sikusogezi. Soma tena, nimesema kuosha kunaambukiza.

#5 Hajati_Arua
Wanangu, mimi nawaosha akina mama waliofariki tangu nikiwa msichana, nilifundishwa na bibi yangu. Naomba mnielewe nikisema kwamba kumwosha maiti hakufanani na kumsafisha mtu. Ni mara ya mwisho unamhudumia. Unaanza na upande wa kulia, unamsitiri, husemi aibu uliyoiona mwilini mwake. Mtu akiambiwa mama yake amezikwa bila hayo, anahisi amemtupa. Huyo hawezi kulala. Kwa hiyo anayesema "ujinga" hajawahi kuzika.

Lakini nami siwezi kumwosha wa Ebola. Nina wajukuu.

#6 Okot_Gulu
Niliishi Gulu mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafa. Sisi Waacholi siyo Waislamu wengi, na bado watu walikimbia magari ya wagonjwa. Wengine walificha maiti. Kwa hiyo Mnubi, usiibebeshe dini peke yake. Sababu ya kwanza ilikuwa hofu kwamba mtu akipelekwa wodi ya kutengwa, hutamwona tena akiwa hai wala akiwa maiti.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: wazee wetu walikuwa na kanuni zao za tauni. Tunaiita gemo. Ikishatangazwa kwamba ni gemo, mgonjwa anatengwa nyumba yake, nyumba inawekewa alama, anahudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona, ngoma zinasimama, na anayekufa anazikwa pembezoni mwa kijiji. Wazee walipotambua kwamba hii ni gemo, watu walifuata. Hawakuhitaji askari.

#7 Kijana_Busia
Asante Sista kwa sahihisho. Okot hiyo ya gemo ni kali, sikuwahi kuisikia. Kumbe karantini ni ya kwetu!

#8 Wakili_Mbarara
Habari zenu. Upande wa sheria, kwa kuwa kichwa cha uzi kinauliza "ni ya nani".

Katiba ya 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa kuabudu na kuudhihirisha kwa vitendo. Ibara ya 37 inalinda utamaduni. Mazishi yanaingia kote kuwili. Lakini ibara ya 43 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, na ibara ya 44 inayotaja haki zisizoguswa kabisa haikuutaja uhuru wa dini. Halafu ipo Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa 1935 chini ya Waingereza, inayompa waziri uwezo wa kutunga kanuni wakati wa janga, zikiwamo za kuzika maiti haraka.

Kwa hiyo serikali inaweza kuzuia kuosha. Pamoja na hayo, ibara hiyo hiyo ya 43 inasema mipaka isivuke kile kinachokubalika na kuthibitika kuwa cha lazima katika jamii huru ya kidemokrasia. Hapo ndipo hoja ya Mnubi ina nguvu mahakamani: serikali ithibitishe kibla kinamdhuru nani. Haiwezi.

#9 Abu_Yumbe
Wakili, mahakamani utafika lini wakati maiti anaoza?

#10 Wakili_Mbarara
Ndiyo maana kanuni ziandikwe kabla, wakati hakuna maiti mezani. Ukisubiri mlipuko, anayeamua ni RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, akiwa na askari nyuma yake.

#11 Mutukula_Tz
Naingia kutoka mpakani. Kule kwetu Kagera tulipata Marburg, ndugu yake Ebola, 2023, tena 2025, kwa hiyo haya siyo ya Uganda tu. Lakini nyinyi mna bahati. Kule Sri Lanka wakati wa korona Waislamu walichomwa moto kwa lazima miaka miwili mizima, na ni WHO waliosema maiti achomwe.

#12 Sista_Kasese
Mutukula, hapana. WHO ilitoa mwongozo Machi 2020 ikasema kuzika na kuchoma vyote viwili vinafaa. Serikali ya Sri Lanka ndiyo iliyolazimisha kuchoma.

#13 Wakili_Mbarara
Na haikuwa miaka miwili. Kanuni ilitangazwa Aprili 2020, ikaondolewa mwishoni mwa Februari 2021. Sababu iliyotolewa ni kwamba maji ya ardhini yangechafuka. Desemba 2020 walichoma hadi mtoto mchanga wa siku 20, wazazi wake wakipinga. Zuio lilipoondolewa, familia hazikuruhusiwa kuzika makaburini mwao, maiti walisafirishwa hadi Oddamavadi, mashariki ya nchi, kwa usimamizi wa jeshi. Julai 2024 baraza la mawaziri likaomba radhi rasmi. Waislamu waliochomwa walizidi 270, na Wakristo nao walikuwemo kwenye malalamiko.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu inatuonyesha kitu. Korona siyo Ebola. Maiti wa korona hana hatari hiyo akishughulikiwa kwa kawaida. Serikali ikiwa na neno "janga" mkononi, inaweza kulitumia dhidi ya wachache hata sayansi ikiwa upande wa wachache.

#14 Abu_Yumbe
Hata hapa kwetu wakati wa korona walitumia mkono uleule. Baba yangu mdogo alifariki katika hospitali moja, siitaji. Timu ilikuja na mavazi meupe, ikachimba kaburi kaskazini kwenda kusini, na kumbe hapa Uganda kibla ni kaskazini, kidogo mashariki. Ili uso wake uelekee huko kaburi lilipaswa kulala mashariki na magharibi. Tulisimama barabarani tukiwapigia kelele, tukaonyesha kwa mikono. Wakasema hatuna muda. Kugeuza shimo kabla ya kulichimba kunachukua muda gani? Hadi leo shangazi yangu akipita pale hatazami.

#15 Hajati_Arua
Inna lillahi. Pole mwanangu.

#16 Mnubi_Bombo
Abu, pole sana. Hicho ndicho ninachokisema. Hakuna kirusi kinachojua kibla.

#17 Shehe_Mdogo_Iganga
Assalaam alaykum. Tutenganishe mambo. Kuosha maiti, kumkafini yaani kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya baadhi, wengine wamesalimika. Ni faradhi ya walio hai, siyo deni la marehemu. Wakishindwa kwa dharura, dhambi haipo, wala marehemu hapungukiwi. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na anayekufa kwa tauni ana daraja la shahidi wa Akhera. Maji yakishindikana tunakwenda kwenye tayamamu, kutohirisha kwa vumbi. Mwongozo wa WHO wa Novemba 2014, ulioandikwa wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi baada ya kushauriana na watu wa dini, umeiweka tayamamu humo pamoja na sanda. Kwa hiyo njia ipo tangu zamani. Kassanda hawakuijua kwa sababu sisi mashehe hatukuifundisha mimbarini. Hilo ndilo kosa, siyo la serikali.

#18 Tabliq_Kawempe
Shehe, tayamamu ya juu ya mfuko wa plastiki? Vumbi halijagusa uso wala mikono. Sisi ni Mashafii, na sharti la tayamamu ni kupangusa kiungo chenyewe. Ukipangusa plastiki umeitohirisha plastiki.

#19 Shehe_Mdogo_Iganga
Ndugu yangu, mwenye bandeji hupangusa juu ya bandeji. Mafakihi, wanazuoni wa sheria, wamelinganisha hapo.

#20 Tabliq_Kawempe
Bandeji ni ya sehemu ya mwili, na kiungo kingine kinaoshwa. Hapa umefunika mwili mzima. Na kuna kauli katika madhehebu yetu kwamba asiyeoshwa wala kutayamamishwa hasaliwi. Sasa mwananchi anayeisikia kauli hiyo anaogopa baba yake hajasaliwa kihalali. Mnaona mzigo huo?

#21 Shehe_Mdogo_Iganga
Ipo kauli nyingine ya wanazuoni wa Kishafii wa baadaye kwamba anasaliwa, kwa sababu kinachowezekana hakiangushwi na kisichowezekana. Ndiyo naifuata.

#22 Kijana_Busia
Wazee mkimaliza mtuambie, sisi wa kawaida tufuate yupi 😅

#23 Abu_Yumbe
Kijana amegusa kidonda bila kujua. Tufuate yupi? Wizara ikitaka kuongea na "Waislamu" inakwenda Old Kampala, kwa Baraza Kuu la Waislamu lililoundwa 1972. Watu wa Kibuli, kundi jingine la Waislamu, hawapokei neno la Old Kampala. Watu wa Kawempe, Matabliq, hawapokei la wote wawili. Tangazo likitoka kwa mufti mmoja, nusu ya misikiti inaliona ni la serikali. Mimi nasema Kassanda ilitokana na mgawanyiko huu zaidi kuliko mfuko wa plastiki.

#24 Okot_Gulu
Abu, kwetu hakuna mgawanyiko wa Old Kampala na Kibuli na bado watu walikimbia. Sababu yako haifiki Gulu.

#25 Sista_Kasese
Wala haifiki Kasese. 2019 ile familia ya Mpondwe ilivuka mpaka kutoka Kongo baada ya kumuuguza na kumzika babu, na babu mwenyewe alikuwa mchungaji. Mtoto wa miaka mitano akafa, mdogo wake akafa, bibi akafa. Wakristo. Msiba ni msiba. Huko Guinea mwaka 2014 walikadiria kwamba asilimia 60 ya maambukizi yalitokana na mazishi. Kwa hiyo nikisikia Ebola inapewa sura ya Uislamu, nakataa kama muuguzi.

Nami naongeza sababu ambayo hamjaitaja. Tulipokuwa mafunzoni, wanavijiji walikuwa wanaamini timu inachukua figo na macho, ndiyo maana mfuko hauna dirisha. Wengi wanaofungua mfuko wanataka kuhakikisha kwanza. Ukikuta mfuko una zipu ya kuonyesha uso, au ndugu mmoja amevalishwa mavazi ya kinga akashuhudia maiti akiingizwa, uvumi unakufa.

#26 Nabugoye_Mbale
Shalom. Nasoma kimya tangu asubuhi, acheni nami niseme kwa sababu mnaongea kama wachache wa Uganda ni Waislamu tu. Sensa ya 2014 iliwahesabu Waislamu asilimia 13.7. Sisi Abayudaya, Wayahudi wa Mbale tulioanza na Semei Kakungulu 1919, ni watu elfu chache tu. Nasi tunaosha maiti kwa maji, tunamvika nguo nyeupe, na tunazika upesi. Karibu sawa na ninyi. Mwislamu ana mufti wa kupiga simu wizarani. Mbale akifa Myahudi kwa Ebola, nani anajua hata cha kuuliza? Timu itamwekea msalaba.

Kwa hiyo kanuni zikiandikwa, msiandike "Muislamu na Mkristo". Andikeni: timu imuulize mwenye maiti, imani yenu inataka nini, kisha iseme lipi linawezekana.

#27 Mnubi_Bombo
Nabugoye, karibu. Umeniongezea. Hilo swali la mwisho ndilo ningetamani liandikwe kwenye karatasi ya kila timu.

#28 Kikaaya_9
Mimi ni Mbahá'í, muumini wa dini ya Bahá'í, naishi chini ya kilima chenye hekalu letu tangu 1961. Kwetu mambo yamegeuka. Sheria yetu inasema maiti asisafirishwe zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka alipofia. Anaoshwa, anavikwa hariri au pamba, anazikwa karibu. Serikali ikisema "azikwe hapa hapa", dini yetu imeshasema. Wanaokataa ni ukoo. Mbahá'í wa Teso akifia Kampala, wajomba wasio Wabahá'í wanakuja na gari wakitaka arudi kwenye ardhi ya babu. Nimeona mabishano hayo mochwari, na hakuna janga lolote. Basi nauliza: haki ya mazishi ni ya marehemu, ya dini yake, au ya ukoo?

#29 Wakili_Mbarara
Swali zuri na gumu. Kwa desturi ukoo husikilizwa kwanza. Wosia husaidia kuonyesha nia, lakini ndugu wakishafika na gari, karatasi hubaki mfukoni.

#30 Kijana_Busia
Na Wahindu wa Jinja? Wao wanachoma. Kwa Ebola si ndiyo salama kuliko zote? Mbona tusichomwe sote tukamaliza?

#31 Hajati_Arua
Kijana, astaghfirullah. Umesoma #13 kweli?

#32 Jinja_Mto
Mhindu kuchomwa ni ibada yake, majivu yanakwenda mtoni. Hata sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapa kwenye chanzo cha Nile mwaka 1948, sanamu yake ipo. Lakini ibada ya mmoja ikigeuzwa amri kwa mwingine inakuwa adhabu. Mganda atakwambia afadhali umzike bila jeneza kuliko umchome. Kijana, usiseme hivyo kwenye matanga ya watu.

#33 Kijana_Busia
Sawa wazee, nimesikia.

#34 Okot_Gulu
Nikirudi kwa Sista. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, ndiye aliyesimama mbele ya Ebola ile ya 2000. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafa tarehe 5 Desemba. Alizikwa pale pale hospitalini na watu waliovaa mavazi ya kinga, dawa ikinyunyizwa, sisi tukiwa mbali. Mtu yule angestahili mazishi ya umati wa wilaya nzima. Lakini hakuna aliyelalamika kwamba amedharauliwa, kwa sababu kila mtu aliona, maombi yalisomwa, na kaburi linajulikana. Kutogusa siyo dharau. Dharau ni kufichwa.

#35 Tabliq_Kawempe
Okot umesema vizuri. Hata mimi nisiyeikubali tayamamu ya plastiki, nikiruhusiwa kusimama, kusali na kuliona kaburi, nitanyamaza na kumwachia Allah lililobaki.

#36 Mnubi_Bombo
Allahu akbar, Tabliq na Shehe wamekaribiana!

#37 Tabliq_Kawempe
Tumekaribiana kuhusu kunyamaza. Kuhusu tayamamu bado.

#38 Abu_Yumbe
Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu Kibuli na Old Kampala.

#39 Sista_Kasese
Abu, jibu langu ni la chini: msianze na mufti, anzeni na VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, na mwosha maiti wa kijiji. Ndio wanaogongewa mlango usiku. Mwosha maiti apewe mafunzo, glavu na klorini, awe ndani ya timu na posho yake. Akisema yeye "huyu haoshwi", neno lake linapita la mufti yeyote.

#40 Shehe_Mdogo_Iganga
Napinga kidogo. Mwosha maiti bila fatwa nyuma yake ataitwa kibaraka.

#41 Hajati_Arua
Mimi ndiye huyo mwosha maiti mnayemzungumzia, kwa hiyo niulizeni mimi. Nitakubali kuingia kwenye timu. Lakini nina sharti. Timu nyingi nilizoziona kwenye picha ni vijana wa kiume. Mwanamke wa Kiislamu akifa, anaingizwa mfukoni na nani? Nani anamvua nguo za hospitali? Mumewe anaweza kusamehe kuosha, lakini hili la wanaume wageni hasamehi. Mmebishana vumbi na plastiki siku nzima na hakuna aliyeliuliza.

#42 Sista_Kasese
Hajati, ni kweli. Kubeba kunahitaji nguvu, mwili ndani ya mavazi yale ni mzito na joto linaua, ndiyo maana wanachagua vijana. Lakini kuingiza kwenye mfuko kunaweza kufanywa na wauguzi wanawake wodini, kisha wanaume wabebe mfuko uliofungwa. Nitalipeleka kwenye kikao chetu cha wilaya.

#43 Wakili_Mbarara
Sista, ukilipeleka, lipeleke kwa maandishi. Ukihitaji mtu wa kuliandaa, niandikie.

#44 Shehe_Mdogo_Iganga
Na yule anayefia nyumbani, ambako hakuna muuguzi mwanamke?

#45 Hajati_Arua
Huyo nitafutieni gari tu. Nitakuja.